Reli ya Masese Haipiti kwa Duke

Masese alikuwa amesimama nje ya dirisha la kijana wake, mikono nyuma, uso umeegemea grili mpaka chuma inamchora shavuni, macho kwa stesheni ndogo za mawe zilizopangwa juu ya meza ndani.

"Hiyo stesheni umeigeuza," alisema. "Nani alikuambia stesheni ya Nyamira inapea reli mgongo?"

"Nimeisogeza tu nipitishe waya, Tata," Duke akajibu kutoka ndani bila kuinua kichwa.

"Waya ya nini na treni hakuna? Rudisha mahali ilikuwa."

"Ingia basi urudishe."

Duke alijua alichosema. Linda, bibi yake, alikuwa anachambua mboga mlangoni. Yeye pia alijua, na mkono wake ukasimama. Kwa Wakisii mzee haingii nyumba ya kijana wake aliyeoa. Hata mvua ya mawe imkute uwanjani, atajificha chini ya mgomba lakini ule mlango hatavuka. Ile heshima wanaita chinsoni. Haijaandikwa mahali, lakini kila mtu anajua mguu wake unaishia wapi. Kumwambia baba yako "ingia" ni kumtukana bila kutumia tusi hata moja.

Masese akatema mate kwenye majani, akaenda zake.

Shida ilikuwa meza. Ilikuwa ndani ya nyumba ya Duke, na ilikuwa ya Masese.

Huyu mzee alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, kwa stesheni ndogo huko upande wa Muhoroni. Kazi yake ilikuwa kugeuza pointi, pale reli moja inagawanyika mbili, ili treni ya mizigo ingoje kando ile ya abiria ipite. Kuendesha treni hakuwahi, hata siku moja. Aliwafungulia wengine njia, wakapita. Dereva akitaka alimpungia mkono, asipotaka aliangalia mbele kama amefunguliwa na upepo. Masese alirudi nyumbani Suneka na koti la kazi, filimbi, na hasira ya miaka thelathini na moja.

Na alirudi wapi? Kisii, ambako reli haijawahi kufika. Pale sokoni Suneka walimwona na lile koti wakapata mchezo. "Masese, ya saa ngapi leo?" "Masese, imechelewa ama imepita?" Miaka inaenda, utani ni ule ule, na hakuna siku alicheka.

Basi akaamua kama reli haitakuja, ataileta yeye. Alichonga meza ya futi kumi na mbili kwa sita. Akatengeneza milima ya majani chai kwa sponji ya godoro iliyopakwa rangi, na migomba kwa makaratasi ya plastiki. Fundi wa Tabaka alimchongea stesheni nne za mawe: Suneka, Kisii, Keroka na Nyamira. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa reli na treni yenyewe.

Meza ilipaswa kukaa kwake, sebuleni. Bibi yake, Bitutu, alikataa. Alisema kina mama wa kanisa wanakutana pale kila Jumatano na hawezi kuwaambia wakae juu ya Keroka. Wakati huo Duke alikuwa bado hajaoa, na nyumba yake ilikuwa na chumba kikubwa kitupu. Masese akaipeleka huko, akaijengea humo humo ndani. Wazee wengine walimwambia hata kwa kijana asiyeoa usizoee kuingia. Akawaambia wachunge ng'ombe zao.

Miaka miwili akaingia akitoka. Halafu mwezi wa nane Duke akamleta Linda kutoka Kebirigo, na siku hiyo mlango ukajifunga wenyewe. Meza ikabaki ndani, mwenyewe akabaki nje kama mtu anayeangalia sherehe ya jirani.

Sasa ikaingia habari ya treni gani inunuliwe.

Persis, kifungua mimba wao, ni nesi huko Leeds, Uingereza. Aliahidi akija Disemba ataleta treni moja, moja tu, kwa sababu sanduku lake lina mizigo ya watu wengi. Duke alikuwa ametazama video mpaka macho yakawa mekundu, akasema kuna kampuni mbili za maana: Hornby ya Mwingereza na Märklin ya Mjerumani. Ya Mwingereza, ile seti ya kawaida iliyotumika, ina kidude cha kuzungusha kwa mkono. Unazungusha huku inaenda, huku inarudi. Ya Mjerumani ambayo Duke alitaka ni ile unaamrisha kwa simu, na reli yake ina vidoti vya chuma katikati, ndivyo vinabeba stima.

"Reli ni mbili," Masese alisema. "Nimezipaka grisi miaka thelathini na moja. Ya katikati sijaona."

"Tata, hii ni teknolojia."

"Ni upele."

Lakini hawakuwa wanagombania vidoti, na wote wawili walijua. Treni ya simu inaweza kuendeshwa na mtu akiwa nje. Meza ingekaa kwa Duke milele, mzee asimame dirishani na simu ya kuazima. Treni ya kidude inataka mtu asimame karibu nayo, mkono juu yake. Hiyo ikinunuliwa, meza lazima itoke. Masese alikuwa na miaka sabini na moja, vidole vimeanza kutetemeka asubuhi, na alitaka kitu kimoja tu kabla havijakataa kabisa: aendeshe treni yeye mwenyewe, ndani ya nyumba yake, bila kumwomba mtu ruhusa.

Duke naye alitaka meza. Alikuwa fundi wa stima pale Daraja Mbili, anawekea watu taa kwa vibanda, na jioni alileta marafiki zake kuiona. Aliwaambia ni project yake. Masese alisikia hilo neno kutoka dirishani kwa masikio yake. *Yake.*

Jumamosi moja, saa nane mchana, Persis akapiga simu ya mama yake. Walikuwa wametoka kanisani, chakula bado mezani.

"Niko dukani," Persis akasema. "Duka la vitu vya mitumba. Ziko zote mbili, ya Mwingereza na ya Mjerumani. Tata aseme anataka gani."

Masese akanyoosha mkono. Bitutu akavuta simu.

"Leo ni Sabato," Bitutu alisema. "Mambo ya kununua ni kesho."

"Mama, sinunui, nauliza tu."

"Kuuliza dukani ni kununua. Baba Persis, si wewe Sabato iliyopita ulisimamisha Mama Nyabuto mbele ya kanisa juu ya ndizi?"

Ilikuwa kweli. Masese ni shemasi. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu amkemee yule mama mbele ya watu kwa sababu alimwonyesha mteja mkungu wa ndizi siku ya Sabato, hata kama hakuuza. Mama Nyabuto alilia. Sasa yeye afungue mdomo aagize treni? Neno lilikuwa pale kwa ulimi, fupi tu, na hakuweza kulitema.

"Kesho," alisema kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa. "Persis, nitakuambia kesho."

"Kesho siko dukani. Nitaambia mwenye duka aniwekee mpaka Jumatatu. Lakini Jumatatu nachukua, mkiwa mmeamua ama hamjaamua. Mnanichosha nyinyi."

Duke alikuwa amekaa hapo hapo, anakula. Alimaliza ugali, akanawa, akaondoka akichezea simu yake.

Jumapili asubuhi Masese alipita karibu na dirisha kama kawaida. Pazia lilikuwa limefungwa. Linda alikuwa ndani. Mke wa kijana na baba mkwe hawakai wakiangaliana na kupiga domo, hiyo nayo ni chinsoni. Kwa hivyo Linda aliongea na kuku.

"Wewe kuku," alisema nyuma ya pazia, kwa sauti ya kutosha, "kuna watu walilala wakifikiri watachagua treni leo. Na jana kabla jua lishuke kuna mtu alishaandikia Persis kwamba mzee amechagua ya Mjerumani. Nimeona kwa simu na macho yangu."

Masese akasimama.

"Huyo kuku," aliuliza, akiangalia migomba, "anasema kweli?"

"Kuku hana haja ya kudanganya. Kuku ana kiti zake za sofa ziko nje chini ya turubai tangu aolewe, zinanyeshewa, kwa sababu sebule yake imejaa milima. Kuku amechoka."

Masese hakumpenda Linda. Alimwona ana mdomo, na watu wa Kebirigo aliwajua kwa mdomo. Linda pia hakumpenda yeye. Alikuwa ameamka mara ngapi akifungua pazia anakutana na uso wa mzee kwa grili. Lakini hapo walielewana haraka kuliko watu wanaopendana.

Alimpata Duke nyuma ya choo akiosha pikipiki.

"Uliongea kwa jina langu."

"Mtu alikuwa aamue, Tata. Wewe ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu ya Sabato."

"Basi Sabato imekuamulia." Duke akamwaga maji kwenye gurudumu. "Na hata hivyo ya Mjerumani ni poa kwako. Utasimama pale dirishani, nakupea simu, unabonyeza, inaenda. Nitakuwekea hata stuli."

"Stuli."

"Ndio. Na mwavuli kama kuna mvua. Unataka nini ingine, buda?"

"Hiyo meza nilichonga mimi."

"Na iko kwangu. Stima ni yangu, waya ni yangu, nyumba ni yangu. Ulileta mwenyewe, hakuna mtu alikushikia panga. Kama unaitaka, njoo uchukue."

Ni mara ya pili alimwambia hivyo, na safari hii alicheka. Masese alimwangalia yule kijana, mabega yake mapana, meno yake mazuri, akaona yule dereva wa Muhoroni aliyekuwa anapita akiangalia mbele. Hakumpiga. Angempiga, vidole vingemuaibisha.

Akarudi dirishani.

"Kuku ana simu?" aliuliza.

Pazia likafunguka kidogo. Mkono wa Linda ukatoka, ukaweka simu juu ya grili, tayari inalia huko Leeds, ukarudi ndani.

"Persis, ni mimi babako. Nataka ya Mwingereza."

"Duke aliniandikia ya Mjerumani."

"Duke ni mwongo."

"Tata, mimi siwezi kuwa refa wenu kutoka huku. Nimetoka shifti saa hii, miguu imevimba. Nikileta ya Mwingereza na mnianzie kelele Disemba, nitaipea watoto wa jirani waivunje. Umesikia?"

"Nimesikia. Ya Mwingereza, Persis."

"Haya." Akakata bila kuaga.

Jumatatu, Duke alipoenda Daraja Mbili, Jethro fundi wa mbao akaja na msumeno. Linda ndiye alimfungulia. Masese alisimama nje, akamweleza ng'oa dirisha pole pole, utoe na grili, meza ipitie hapo. Jethro akang'oa. Akapima. Akapima tena.

"Mzee, hii haitoki," alisema. "Uliijengea ndani. Miguu nimetoa, lakini urefu wake na hizi mawe, haigeuki ipite. Ama nivunje ukuta, ama nikate meza."

Kuvunja ukuta wa nyumba ya kijana wako ni kutafuta laana kwa mikono miwili. Masese alijua hivyo. Alishika fremu ya dirisha lililobaki wazi. Angeweza kuruka aingie, lilikuwa chini sana. Hapo katikati ya meza aliona mlima wake wa chai, miezi mitatu ya kubandika sponji, kipande kwa kipande.

"Kata," Linda akasema nyuma ya mlango. Hakuongea na kuku tena. "Fundi, kata katikati ya Kisii na Keroka, hapo hakuna jiwe."

"Mzee?" Jethro akauliza.

Masese alikubali kwa kichwa. Halafu akageuka, akaangalia migomba mpaka msumeno ukanyamaza. Vilitoka vipande viwili. Mlima ulipasuka, stesheni ya Keroka ikadondoka pembe moja. Linda alifagia vumbi la sponji akalimwagia nje karibu na viatu vya mzee, na kabla ya saa sita sofa zake zilikuwa ndani.

Masese hakuweka meza sebuleni. Aliibeba na Jethro mpaka chumba chake cha kulala, akatoa kabati na kusukuma kitanda ukutani. Hicho chumba, kijana hawezi kukanyaga. Anaweza kunywa chai sebuleni kwa baba yake akitaka, lakini pazia la chumba cha wazazi halivuki, hata nyumba ikishika moto atapiga nduru akiwa nje.

Bitutu alirudi kutoka shambani, akaona.

"Nitalala wapi?"

"Kitanda si kiko?"

"Nipande nikipitia Suneka?" Alichukua blanketi, Biblia na mafuta yake, akahamia chumba cha Persis. "Miaka arobaini na tano, Baba Persis. Leo nimefukuzwa na sponji." Tangu hapo chakula alimwekea mezani, akamwita mara moja, hakurudia.

Duke alipofika jioni alikuta dirisha limerudishwa vibaya na sebule imejaa sofa. Akamuuliza Linda. Linda akamwambia akae, kiti si kiko. Walipigana kwa maneno wiki nzima, uwanja mzima ukasikia. Kwa baba yake Duke hakwenda hata kulalamika. Akipita, alipita akiangalia mbele.

Disemba Persis akaleta boksi. Alilitupa mezani sebuleni, akasema hataki kusikia neno treni mpaka arudi Leeds. Plagi ya Mwingereza iliingia kwa soketi ya ukutani bila hata adapta, na Masese alifurahia hilo peke yake. Alipanga reli siku nzima. Kwa sababu meza ilikatwa, ilibidi apeleke waya kila upande, na hapo akakwama. Akiunga upande mmoja, taa ya transfoma inawaka. Akiunga wa pili, inazima. Siku tatu. Miwani ilikuwa inateleza na jasho, vidole vinatetemeka, waya ni nyembamba kama uzi wa kushona. Treni, kijani, nzuri, ilikaa pale Suneka haijasonga hata sentimita. Fundi wa stima kwa hiyo boma alikuwa mmoja tu.

Siku ya nne Duke alikuja kumwona Persis. Alikaa sebuleni na kikombe. Nyuma ya pazia alisikia klik, kimya, klik, kimya, na baba yake akinung'unika kwamba Keroka imezima tena. Alivumilia mpaka chai ikaisha.

"Ni shoti," alisema, akiangalia kikombe.

Klik ikakoma.

"Taa inazima ukiunga upande wa Keroka. Umebadilisha waya. Ya reli ya ndani umeweka nje. Badilisha tu."

"Kuna mtu amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza."

Persis aliinua macho kutoka kwa simu yake, akayarudisha.

Nyuma ya pazia Masese alikaa na zile waya mbili kwa muda mrefu. Kisha akazitoa, akazibadilisha. Ilimchukua karibu nusu saa kuziingiza. Taa ikawaka, ikabaki. Akaweka mkono juu ya kidude, mkono wote, ili usitetemeke, akazungusha kidogo. Treni ikatoka Suneka. Ikapanda pale mlima ulipopasuka, ikavuka mkato wa msumeno ikitoa mlio mara mbili, tak tak.

"Imeenda?" Duke akauliza.

"Haijaenda," Masese akasema, na akaongeza mwendo.

Sauti ya magurudumu ilijaa nyumba yote. Duke aliisikiliza ikizunguka mara moja, mara ya pili. Akaweka kikombe chini, akatoka nje bila kuaga, na Masese hakuinua kichwa kuangalia alikoelekea.